Sweta la Kijani

Ludara, Koboko
28 Januari 2024

Mdogo wangu Lako,

Nyumbani wote wazima. Mama hajambo, mguu tu unamsumbua akikaa sana, na kwa kuwa hataki kusimama, unamsumbua kutwa. Baba Poni bado yuko Juba na lori lake, anasema barabara ni tope tupu. Muhogo tumeuchimba, unakauka juu ya mwamba, na mbuzi wa jirani wanatusaidia kuula. Nora wako anaendeleaje? Na Patience? Mwambie shangazi yake amemwekea karanga.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu unaijua sheria ya marehemu Baba. Jambo zito liandikwe, kwa kuwa la mdomo mtu hulikana. Tulipokuwa kambi ya jeshi alitukalisha wewe pembe ile na mimi pembe hii, kila mmoja na kalamu yake, tugombane kwa Kiswahili cha maandishi mpaka hasira iishe au karatasi iishe. Hatugombani leo, lakini jambo ni zito. Hakimu dereva atakupa barua hii pamoja na unga.

Poni anaingia darasa la saba. Matokeo ya mtihani wa taifa yametoka juzi, nami nikaenda Koboko mjini kununua gazeti, lile lenye shule zilizopangwa mstari, ya kwanza hadi ya mwisho. Lako! Shule yenu ya Alfajiri ni ya kwanza Arua nzima! Watahiniwa wote daraja la kwanza, hata mmoja hakuteleza. Na wewe ndiye mkuu wa taaluma! Nimeukata ukurasa ule nikaubandika ukutani karibu na picha ya Baba. Shule yetu ya hapa nimeitafuta kwa kidole mpaka kidole kikatoka nje ya karatasi.

Nilimsomea Mama. Akaniuliza, "Hii gazeti iko najua Poni?" Nikamwambia gazeti halihitaji kumjua Poni, sisi ndio tunahitaji kulijua gazeti. Akaendelea kumenya karanga.

Baba Poni amekubali tumuuze yule fahali mwekundu tupate ada. Niambie tu kama mtampokea Poni.

Dada yako mwenye haraka,
Keji

---

Arua
1 Februari 2024

Mpendwa Dada Keji,

Barua na unga vimefika, vyote katika hali njema. Nora anakusalimu, presha yake imetulia. Patience ameruka aliposikia habari za karanga. Yeye pia anaingia darasa la saba mwaka huu, hapahapa Alfajiri, kwa hiyo mabinti wetu watakuwa pamoja.

Kwa kawaida darasa la saba hatupokei wageni. Mkurugenzi wetu, Bwana Draku, ni mkali sana katika hilo, kwa sababu mgeni wa mwaka wa mwisho anaweza kuharibu jina la shule. Lakini nilimwendea ofisini na kumwambia kwamba huyu ni mtoto wa dada yangu, aliyenilipia ada nilipokuwa chuo cha ualimu. Amekubali.

Umefanya vizuri kuangalia orodha. Wazazi wengi wanachagua shule kwa kuangalia rangi ya basi na uzuri wa geti. Wewe umeangalia matokeo. Namba hazidanganyi, Dada.

Mlete Jumapili na godoro, ndoo, na masweta mawili ya bluu. Yeye na Patience watalala kitanda kimoja cha ghorofa, mmoja juu, mmoja chini.

Mdogo wako,
Lako

---

Ludara
11 Agosti 2024

Lako ndugu yangu,

Tunashukuru Mungu, mvua imekuwa ya kutosha na simsim imesimama vizuri. Mama amekubali kutembea mpaka kwenye ua na kurudi, halafu anataka asifiwe kama aliyekwenda Kampala kwa miguu. Baba Poni alikuja wiki mbili, akarudi.

Siku ya wazazi sikukuona vizuri, ulikuwa unakimbia huku na huku na karatasi zako. Poni nilimkuta amekonda. Ameniambia alifanya mtihani wa majaribio akiwa na malaria, anatetemeka mpaka kalamu inamtoka mkononi. Amepata daraja la pili. Patience naye aliniambia kwa aibu kwamba amepata daraja la pili, naye hakuwa mgonjwa. Nikawaambia wote wawili wasilie, majaribio ni majaribio.

Ila Bwana Draku hakunipendeza, ingawa siku ile sikujua kwa nini. Aliposimama kwenye spika akasema, "Hapa sisi hapana beba mizigo! Alfajiri iko ya washindi!" Wazazi wote wakapiga makofi, nami nikapiga, nadhani kuliko wote, nikimfikiria yule fahali. Niliporudi nyumbani nikajiuliza ni nani hao mizigo.

Niambie, Poni yuko salama hapo?

Dada yako,
Keji

---

Arua
2 Septemba 2024

Mpendwa Dada,

Samahani kwa kuchelewa. Ni msimu wa kazi nyingi, hata Nora ananilalamikia kwamba ninalala na madaftari. Hongera kwa simsim. Msalimu Mama, umwambie namsifu kwa safari yake ya uani.

Kuhusu Poni, malaria hupita. Ni mtoto mwenye akili. Nisingependa uwe na wasiwasi, wala usimpigie matroni wa bweni simu tena, kwa sababu Bwana Draku ameagiza darasa la saba wakae bila usumbufu wowote hadi mtihani. Usije pia. Mipango yote ya watahiniwa nimeishika mimi mwenyewe.

Niamini mimi.

Lako

---

Koboko sokoni
17 Novemba 2024

Lako,

Sisi hatujambo. Mama hajambo. Simsim imeingia ghalani. Salamu zimekwisha.

Unamjua Rosa Kiden, yule mama wa Sudan Kusini anayeuza samaki wakavu meza ya pili kutoka yangu. Yeye huzunguka masoko yote, leo Kuluba, kesho Arua. Wiki ile ya mtihani alikuwa kijijini Ajia. Jana akaniuliza mtoto wangu alihamia Ajia lini.

Nikamwambia mtoto wangu hajahamia popote, yuko Alfajiri, Arua mjini. Akacheka, akadhani namtania. "Mama Poni, mimi naona yeye na macho yangu. Pikapu moja naleta watoto asubuhi, naweka pale kwa shule ya Ajia. Poni iko ndani. Iko navaa sweta ya kijani, kama watoto ya pale. Mimi naita, 'Poni! Poni!' Yeye naangalia chini. Hapana jibu."

Nilimwambia amefananisha. Akasema, "Mutu nakula samaki yangu mwaka mbili, mimi nasahau sura yake?"

Poni amerudi nyumbani. Nimemuuliza, akasema mtihani ulikuwa mzuri, akaenda kuteka maji. Siku hizi anateka maji hata mitungi ikiwa imejaa.

Nakuuliza wewe, uliyeshika mipango yote ya watahiniwa. Poni alifanyia mtihani wapi? Sweta la bluu ndilo nililonunua. La kijani limetoka wapi?

Keji

---

Arua
8 Desemba 2024

Mpendwa Dada Keji,

Nimefurahi kusikia kwamba mavuno yameingia salama. Huku mvua ya mwisho imeezua bati la jiko, Nora analia na moshi. Presha yake imepanda tena kidogo. Nimenunua bati tatu, fundi ameahidi kuja, unawajua mafundi. Kanisani tumepata padri mpya kutoka upande wa Maracha, ana sauti nzuri sana. Patience anamsaidia mama yake.

Kuhusu habari za sokoni, Dada, habari za sokoni usizipe kiti. Kila shule ina utaratibu wake wa kitaaluma ambao ni vigumu kuueleza kwa barua. Tusubiri matokeo kwa uvumilivu.

Nakutakia Krismasi njema, wewe na wote wa nyumbani.

Lako

---

Ludara
15 Desemba 2024

Lako,

Bati zako tatu nimezisikia. Padri wako mwenye sauti nimemsikia. Swali langu hujalijibu, nami sikulipeleka kwa padri.

Jana Mama alikuwa anatafuta kamba ya kufungia kuku, akafungua sanduku la Poni. Chini kabisa, chini ya Biblia, akakuta sweta la kijani limekunjwa. Poni aliliona mkononi mwa bibi yake akachukua mtungi atoke. Mama alimvuta akamkalisha kwenye mkeka, akaendelea kumenya karanga. Mtoto akasema mwenyewe.

Sasa najua, kwa hiyo usihangaike tena na utaratibu wa kitaaluma. Mnafundisha darasa zima, mnakula ada ya darasa zima, halafu mkishaona majaribio mnawachambua kama maharage. Wa uhakika mnawaandikisha kwenu. Wengine mnawaandikisha shule za vijijini, siku ya mtihani mnawabeba kwa pikapu na kuwavika masweta ya watu, ili wakianguka waiangukie shule ya wengine. Ndiyo maana hakuna anayeteleza Alfajiri. Wenye miguu mibovu mnawatoa nje kabla ya mvua! Na mimi mpumbavu nilikwenda kuubandika ukurasa wenu karibu na Baba.

Hilo peke yake ningeweza kulimeza. Lakini Poni anasema wewe, mjomba wake, ulimwita ofisini ukamwambia akinieleza mimi mama yake, mtihani wake utafutwa. Mtoto wa miaka kumi na tatu! Amelibeba hilo kifuani miezi mizima. Anadhani yeye ni mzigo. Ameniuliza kama tunaweza kumrudisha yule fahali.

Nimeubandua ukurasa. Nimeutumia kuwashia moto wa maharage, na maharage yameiva vizuri.

Nataka kitu kimoja tu. Nataka useme kwa mdomo wako, mbele ya Poni, kwamba alikuwa mwanafunzi wenu na mlimtoa. Usiposema kwa hiari yako nitakusemesha. Unanijua. Unakumbuka yule mtoto wa sajini aliyekuibia kandambili kule kambini? Mpaka leo akiniona Koboko anavuka barabara. Siku ile nilikuwa upande wako.

Keji

---

Arua
27 Januari 2025

Mpendwa sana Dada Keji,

Vigelegele! Matokeo yametoka na nimeyaona kabla ya wote. Poni wetu amepata daraja la kwanza, pointi saba! Katika watahiniwa wote tuliowafundisha Alfajiri mwaka huu hakuna aliyempita. Nora amelia kwa furaha. Nilisema tangu mwanzo kwamba ana akili.

Najua kulikuwa na maneno kati yetu mwezi uliopita. Mwisho mzuri husahaulisha safari mbaya. Bwana Draku mwenyewe amefurahi mno. Jumamosi ya tarehe nane Februari tunafungua mwaka kwa sherehe kubwa, wazazi wapya watakuja kuona shule kabla ya kuacha watoto wao. Angependa kuweka picha ya Poni kwenye bango kubwa la getini, na wewe upewe spika useme maneno machache kama mzazi. Tafadhali mpe Hakimu picha ya Poni akiwa na sweta la bluu. Ni muhimu sana kwangu, Dada. Kuna mambo kazini ambayo sitaki kukuchosha nayo.

Mdogo wako anayejivunia,
Lako

---

Ludara
30 Januari 2025

Mdogo wangu mpendwa,

Asante kwa vigelegele. Huku tulipiga vyetu. Mama alinuna kwanza, akauliza, "Saba tu?" Ikabidi nimweleze kwamba katika mtihani huu mwenye pointi chache ndiye bora, na nne ndiyo kilele. Akasema wazungu walioanzisha hesabu hiyo walikuwa wamelewa, kisha akacheza mpaka mguu ukasahau kuuma. Mwalimu mkuu wa Ajia alipiga simu akilia. Hawajawahi kupata daraja la kwanza tangu shule ijengwe, na sasa wamelipata kwa mtoto waliyemwona siku mbili.

Picha hiyo hapo, na sweta la bluu, kama ulivyoomba. Tutakuja. Kwenye spika nitasema maneno machache, usiwe na hofu, mimi si mtu wa hotuba.

Nimenunua gazeti tena. Safari hii Alfajiri ni ya sita. Wanasema mtahiniwa mmoja aliteleza akapata daraja la pili. Pole sana. Umesahau kuniandikia Patience amepata ngapi.

Wako,
Dada Keji

---

Arua
10 Februari 2025

Keji,

Sina salamu.

Umeniua. Sijui neno lingine. Nilikukaribisha kama mgeni wa heshima, nikakuwekea kiti cha mbele chini ya hema, pembeni ya mke wa Bwana Draku. Bango la Poni lilikuwa juu ya kichwa chako. Nilikushika mkono kukupandisha jukwaani. Ulinitabasamulia, Keji!

Kumbe umezunguka Ajia na Kuluba na yule muuza samaki wako, mkawatafuta wazazi wa watoto wote tuliowapeleka. Kumbe wamekaa na watoto wao katikati ya wazazi wapya, mifuko mapajani. Ukasema tu, "Watoto, vaeni," na hema zima likageuka kijani. Poni akavua koti lake na yeye akiwa na sweta la kijani, chini ya bango linalomwonyesha na la bluu. Ukawaambia wazazi wapya, "Hawa wote walisoma hapa mpaka mwisho. Gazeti halikuwaona, kwa sababu walitolewa kabla halijaja kuhesabu. Sasa jiulizeni, mtoto wenu mwakani atavaa rangi gani."

Halafu ukanigeukia mimi. Ukaniuliza kwenye spika, mbele ya watu wote, "Mwalimu Lako, hawa ni watoto wa shule gani?"

Unajua nini kilifuata. Wazazi walianza kubeba masanduku ya watoto wao kutoka bwenini. Geti halikutosha. Bwana Draku alizima jenereta, ikawa kelele za masanduku tu. Mimi nimesimamishwa kazi. Bango limeshushwa, watu wa sokoni wamelichukua kufunikia nyanya.

Ungeweza kuja nyumbani kwangu ukanitukana. Ungeweza kunichapa, wewe ni mkubwa wangu. Damu moja, Keji!

Na juu ya yote umenichukulia mtoto. Nora anasema Patience alipanda gari la Hakimu pamoja nanyi. Mrudishe. Mama asijue haya yote, tafadhali, moyo wake hauwezi.

Lako

---

Ludara
16 Februari 2025

Lako,

Mimi nina salamu. Mama hajambo, na moyo wake unaweza kuliko wako. Ndiye aliyelifua sweta Ijumaa kabla ya sherehe na kulipiga pasi ya mkaa, kola mara mbili. Alitaka kuja, mguu ukakataa. Nilipomsimulia alinirudisha nyuma mara tatu kwenye yale masanduku yanayotoka getini.

Unasema nimekuua. Umesahau kuandika ulivyojibu, basi nikukumbushe, kwa kuwa wewe ni mwepesi wa kusahau. Nilikupa nafasi mbele ya watu wote. Neno moja tu lilitosha, ungesema "wetu." Poni alikuwa anakuangalia. Nilimwona amesimama kwa ncha za vidole, kama mtoto anayengoja kuitwa jina. Ukaigonga spika kwa kidole ukasema, "Hii spika naharibika." Ilikuwa nzima, Lako. Kila mtu alisikia kupitia hiyohiyo spika kwamba imeharibika.

Watu walicheka. Poni hakucheka.

Sijutii hata kidogo. Nilifurahi kuona yale masanduku. Nilifurahi Draku alipokimbilia jenereta na suti yake. Usiku nililala vizuri kuliko nilivyolala mwaka mzima. Uliniandikia kwamba namba hazidanganyi, ukijua ni watoto gani mmewaondoa ili namba zinyooke. Mkuki kwa nguruwe ulikuwa mtamu, sasa umeuonja.

Kuhusu Patience. Hakuibiwa. Tulipokuwa tunaondoka alitoka nyuma ya jiko la shule, uso umevimba, akafungua mlango wa gari akakaa karibu na Poni. Nilimwambia ashuke, mama yake atahangaika. Akasema, "Shangazi, mimi hapana rudi kwa Baba. Ile nafasi iko ya Poni." Hakimu akazima injini. Tukakaa pale kando ya barabara mpaka akamaliza kusimulia.

Kwa hiyo sasa najua na lile ambalo hukutaka kuichosha roho yangu nalo. Draku alikupa nafasi moja. Kila mwalimu aliruhusiwa mtoto mmoja aliyeteleza kwenye majaribio, abaki na sweta la bluu. Wewe ulikuwa na wawili, wako mwenye afya na wangu mwenye malaria, wote daraja la pili. Ukamchagua wako. Na wako ndiye yule mmoja wa gazetini. Ndiyo maana ulihitaji bango. Ulitaka Poni uliyemtupa akufunikie Patience uliyemficha.

Nimekaa na jambo hili siku nyingi, nikaligeuza kila upande. Kumchagua mtoto wako nakuelewa. Hata mimi ningemchagua wangu, ila ningekuja kukuambia usoni. Wewe ulimtisha mtoto wangu. Na wako ulimfanyia nini? Anasema tangu matokeo yatoke humwiti kwa jina. Chakula kikiwa tayari unamwambia Nora, "Ita huyo." Daraja la pili si ugonjwa wa kuambukiza, Lako! Wewe mwenyewe ulipata daraja la tatu, barua ya Baba ya siku ile bado ninayo. Alikuandikia ukurasa mzima wa matusi, halafu chini akaandika "kula kwanza."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Mimi nilikuvaa miaka arobaini.

Nimemwandikia Nora na amekubali. Mabinti wote wawili wataanza sekondari hapa Koboko, watakaa kwangu. Shule nimeichagua mwenyewe safari hii. Nilikwenda nikakaa kwenye jiwe nje ya uzio asubuhi nzima nikiwaangalia watoto wakati wa mapumziko, kisha nikaingia nikamuuliza mwalimu mkuu jambo moja. Nilimuuliza wale walioanza naye wakiwa wadogo wako wangapi leo, na wengine wamekwenda wapi. Alianza kutaja majina yao, mmoja mmoja, na alipofika kwa mmoja aliyefariki akainamisha kichwa. Sikuuliza shule yake ni ya ngapi gazetini.

Patience ni damu yako, sitakuzuia kumwona. Likizo utakuja. Kiti chako ni kilekile cha mbao, chini ya picha ya Baba. Ila pale ukutani, ulipokuwa ule ukurasa wa gazeti, nimepigilia msumari na nimetundika sweta la kijani. Likiwa limenyooka hivyo mikono yake inafika karibu na masikio ya mtu aliyeketi. Utakunywa chai yako chini yake. Watoto watapita, wageni watapita, watauliza ni la nani, na wewe ndiye utakayekuwa umeketi hapo.

Dada yako,
Keji

---

Arua
20 Februari 2025

Dada Keji,

Nakuja Jumamosi na sanduku la Patience. Nora amempikia samosa.

Nitakaa siku moja tu. Nakuomba, kabla sijafika, uliondoe lile sweta.

Lako

---

Ludara
21 Februari 2025

Lako,

Njoo. Mama ameshachagua kuku.

Sweta liko palepale. Mimi sina ruhusa ya kuligusa, mwenyewe ni Poni. Atakuwepo. Muombe yeye, kwa mdomo, na usimwambie spika imeharibika.

Keji